Sifuri ya Wachache

Jumatatu, 3 Machi

Kijino amelala na kiatu kimoja mguuni. Nimejaribu kumvua, akaning'akia kama mzee aliyekatizwa usingizi. Basi, alale nacho.

Nimechoka. Naandika kwa sababu nikikaa kimya sana naanza kusikia friji. Chumba hiki kina sauti tatu: friji, bomba linalovuja, na mtoto. Ya nne ni yangu, na siku hizi naitumia kusema usiguse, shuka hapo, fungua mdomo.

Mdogo wangu karudi leo. Ni mhudumu wa ndege. Kaingia na sare yake na lile sanduku la magurudumu, kambusu Kijino mpaka mtoto kakasirika, kisha kaanguka kitandani na soksi zake. Ndivyo tunavyoishi: akiwa angani kitanda ni changu na mwanangu, akirudi tunabanana watatu. Baba, Mungu amrehemu, alimwita Mbayuwayu tangu utotoni kwa vile hatulii. Mimi aliniita Jiwe la Mlango. Kwa muda mrefu nilidhani ni tusi.

Asubuhi katapika. Anasema ni chakula cha ndege. Nimemtazama tu. Mwanangu wee, mimi nimebeba mimba — usinifundishe chakula cha ndege!

Jumanne, 4 Machi

Nilikuwa sahihi. Nilitamani nikosee.

Kaniambia tukifua, yeye kainamia beseni, hanitazami. Mwezi wa tatu unaingia. Mwenye mzigo kabadilisha namba ya simu. "Bora," kasema, "sauti yake ilikuwa mbaya pia." Tumecheka. Halafu kalia ndani ya povu.

Tatizo ni kazi. Mwezi huu ukiisha ndipo anathibitishwa. Mpaka hapo ni mtu wa majaribio tu. Sheria yao: mhudumu akisema ana mimba, haruki tena, siku hiyo hiyo. Aliyethibitishwa hupewa kiti ofisini. Wa majaribio hana kiti. Anaambiwa nenda kapumzike, tutakuita.

Hiyo "tutakuita" naijua mimi. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi tumbo la Kijino lilipoanza kuonekana. Mkuu wa chuo alinisemesha vizuri, mpaka akanishika bega. Nenda kapumzike, tutakuita. Kijino anatafuna mkate sasa. Hawajaita.

Kanitaka niape. Kwa kaburi la mama. "Ukifungua mdomo, dada, mimi na wewe basi." Nimeapa. Lakini nami nimetia sharti langu: siku atakayopewa barua ya kuthibitishwa, siku hiyo hiyo aseme. Asipitishe hata usiku mmoja. Kapiga saluti na mikono ya sabuni. "Sawa, matroni."

Nimemeza mwiba.

Alhamisi, 6 Machi

Bibi wa chumba cha mbele — ndiye anayenikalia na Kijino mchana — leo kaniuliza hasa nafanya kazi gani. Nikamwambia ya kompyuta. "Basi nitengenezee simu yangu," kasema, akanipa. Nimeikuta imezimwa. Nimeiwasha. Sasa mimi ni mtaalamu mtaa mzima.

Ukweli ni mrefu zaidi. Jua hutema chembe. Ndogo kupita vumbi, na mbio zake usiombe. Kati ya jua na sisi si patupu kama tunavyodhani. Kuna njia za sumaku, nazo zimepinda, kwa sababu jua linapuliza huku linazunguka — kama mtu anayemwagilia bustani kwa mpira huku anajizungusha. Chembe hufuata njia hizo. Zinagonga mikunjo, zinarudi nyuma, zinaruka njia ya pili, nyingine hazifiki popote. Hakuna anayeziona zikiwa safarini. Kwa hiyo tunaziiga. Ndani ya kompyuta tunarusha chembe za uongo, nyingi mno, na kila moja inapigiwa dadu kila hatua: nenda, pinda, rudi. Mwisho tunahesabu zilizofika duniani. Mrusho mmoja tunauita mbio.

Kazi yangu mimi: kuingiza tarakimu alizoniandikia Mtaalamu, kuanzisha mbio, kuangalia isikwame, kisha kupiga simu na kusoma majibu kwa wanaoyahitaji. Watu wa setilaiti. Watu wa ndege. Chumba ni cha baridi kwa ajili ya mashine, nashinda na sveta wakati nje watu wanajipepea.

Mtaalamu ni mama mfupi, mkimya, anaongea na skrini kuliko na watu. Siku yangu ya kwanza aliniambia: hatujui chembe moja itafanya nini, tunajua umati. Nililipenda neno hilo. Umati! Wangu una watu wawili, na mmoja bado anavaa nepi.

Leo Fundi wa mashine kaja na kikombe chake akitangaza doa jipya kwenye jua, ukingo wa kushoto. Jeusi, nene. Kalibatiza Jipu. Mtaalamu kasema hapo lilipo hata likipasuka njia zake hazielekei kwetu. Tusubiri jua lilizungushe mpaka upande wa kulia, kama wiki mbili hivi. Hapo ndipo mlango wake unatazama nyumbani kwetu.

Wiki mbili. Mdogo wangu ana safari ndefu tarehe kumi na saba, ile inayopita juu ya kichwa cha dunia. Dunia ina mwavuli wake wa sumaku, lakini kule juu kabisa mwavuli una tundu. Dhoruba za chembe hizo, nyingi hazifikii ndege hata kule. Chache hufika, na mtoto wa tumboni ndiye huumia haraka.

Niseme nini, na kwa nani?

Jumapili, 9 Machi

Yupo angani. Jumapili haina mwisho. Nimepiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo.

Baba Kijino kapiga simu. Kauliza mtoto hajambo, kama mtu anavyouliza kama mvua imenyesha. Nikasema hajambo. Akasema haya. Nikasema haya. Haya mbili, simu ikakatika.

Kijino kajifunza neno jipya. Kati ya maneno yote ya dunia — "kwaheri". Kaiaga friji, kaliaga dirisha, kaniaga mimi nikiwa nimekaa hapo hapo.

Alhamisi, 13 Machi

Karudi jana. Tumbo bado linafichika chini ya sare, lakini uso umeshatoboa siri. Mimba haina pazia.

Usiku nilimweleza habari za Jipu. Nilifikiri atanikebehi. Hakunikebehi. Alichezea nywele za Kijino kwa kidole, kisha: "Dada, kwani hiyo kompyuta yako inasemaje?" Nikamwambia kompyuta haijui kama Jipu litapasuka. Inachojua ni kwamba likipasuka, chembe zitasafiri vipi. "Basi iulize hilo. Ikisema mbaya, nasema naumwa, siendi safari hiyo, liwalo na liwe. Ikisema hakuna neno, naenda, na wewe unaacha kunitazama hivyo."

Namtazamaje? Eti kama muuguzi anayetafuta mshipa.

Nimekubali. Kesho nitarusha mbio yake.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerusha!

Foleni ilijaa mbio za Mtaalamu, zile kubwa za mamilioni. Nikasubiri wote watoke kula. Nikachomeka kambio kadogo katikati — chembe elfu moja tu, kasije kakaonekana. Nikaliweka Jipu mahali litakapokuwa wiki ijayo, nikalipasua kwa nguvu ya kadiri. Nikakaa na mkate wangu mkononi bila kuuma.

Zile chembe kali, zenye uwezo wa kufika ilipo ndege: 0.

Sifuri! Nimeitazama kama mtu anavyotazama cheti chake. Nikafuta kila kitu, nikarudisha foleni ilivyokuwa. Fundi karudi, kaniuliza mbona nacheka na mkate.

Jioni nimemwambia: hakuna hata moja iliyofika. Kamrusha Kijino juu, kamdaka, kamrusha. Kaimba wimbo wa uongo wenye jina langu. Muda mrefu nyumba hii haijasikia kelele ya namna hiyo — hata bibi kagonga ukuta, halafu akaja mwenyewe kuuliza nani kaposwa.

Nimelala vizuri.

Jumatatu, 17 Machi

Kaondoka asubuhi, kapaka rangi ya mdomo kwenye kioo cha dirisha maana kile cha chumbani kina ufa. Kijino kasema kwaheri yake. Safari hii ilikuwa na maana.

Kazini nikamwuliza Mtaalamu, kama mtu anayeuliza tu: mbio ikitoa sifuri, si ina maana hakuna? Akauliza bila kugeuka: sifuri ya ngapi? Nikasema tuseme elfu. Akageuka. Mtaalamu hageukigi.

Akasema zile kali ni moja moja katika laki na laki. Umeita watu elfu mkutanoni, unashangaa tajiri mkubwa hakuja? Sifuri ya wachache si sifuri. Ni "sijui" iliyovaa nguo safi.

Nikavuta sveta mpaka kidevuni.

Nikatoka hadi ngazi za nyuma, nikapiga. Alikuwa tayari uwanjani, nasikia wenzake wanacheka nyuma yake. Nikamwambia nimekosea, niliwarusha wachache mno, lile jibu si jibu. Sema unaumwa, rudi. Nikasikia akisogea mbali nao. Halafu kwa sauti ya chini, ile ya kuongea na abiria mkorofi: Ijumaa umenituma niende, leo unaniita nirudi. Nimeshasaini. Nimeshavaa. Mimi si kishada, dada, uwe unalegeza na kuvuta uzi.

Kakata.

Kosa ni langu. Silizungushi. Sikutaka jibu, nilitaka ruhusa, nikajiandikia mwenyewe.

Jipu liko kulia. Halijapasuka.

Jumanne, 18 Machi

Kafika salama. Kupumua kwangu kumerudi nusu. Kurudi ni kesho, njia ile ile.

Leo tumeandikiana meseji, kila mmoja na hasira zake. Nikamwambia abaki huko, aseme anaumwa, apande ya siku nyingine. Kajibu: ukiumwa ugenini daktari wao anapima kila kitu. Kila kitu, dada. Unaelewa?

Naelewa.

Nikakaa na simu muda. Kijino kakalia mguu wangu mpaka ukafa ganzi. Halafu nimeandika, wazi, asije akasema nilimvizia: "Likipasuka ukiwa juu sitanyamaza."

Kajibu: "Uliapa kwa kaburi la mama."

Nikaandika: "Mama angekuwa hai angesema kabla yangu."

Baadaye katuma picha ya dirisha la hoteli, theluji hadi kwenye kingo. Chini yake: *ya Kijino*. Ya Kijino tu, si yangu.

Nimemwonyesha mtoto. Kalamba skrini.

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mchana. Fundi kapiga kelele kabla hata kengele ya mashine haijalia. "Limetumbuka!" Tukakusanyika. Jipu limepasuka lote, mwanga wake umejaza picha mpaka jua halionekani umbo. Mwanga hutangulia. Chembe ziko nyuma yake, na zilizo kali haziko nyuma sana.

Mtaalamu akaniandikia tarakimu. Nikaanzisha. Desturi yetu ni mbio tatu, kila moja na makisio yake ya ile mikunjo ya njiani, kwa sababu mikunjo hakuna aliyeipima. Zikitoka tatu tunashika ya kati. Hatuongozwi na ya woga wala ya ushujaa. Mtaalamu amelishikilia hilo miaka yote na limewaokoa na aibu nyingi.

Ya kwanza ikatoka. Mbaya. Si mbaya ya vitabuni, lakini mbaya.

Nikampigia mpangaji wa safari wa kampuni ya ndege, ndivyo utaratibu ulivyo: tunawapa ya kwanza kama fununu, wajiandae. Namjua kwa sauti tu, mwanaume mwenye mafua yasiyopona. Nikamsomea. Kasema ndege yao moja iko huko juu sasa hivi. Nikasema najua. Kasema haya mama, ya pili ikitoka nipigie, maana kushuka chini na kukata kwenda kusini kunakula mafuta, rubani atataka uhakika. Hana kosa. Ndivyo tulivyozoea. Kila mtu alikuwa anafanya kazi yake sawasawa.

Nami nikamwona mdogo wangu kwenye ile njia nyembamba kati ya viti, anasukuma kigari cha chai, anauliza sukari ngapi.

"Kuna lingine?" kauliza.

Nilitaka kusema hakuna. Nilifungua mdomo niseme hakuna.

Nikasema: "Kwenye hiyo ndege kuna mhudumu mjamzito."

Mafua yalikauka. Akasema hana taarifa hiyo. Nikasema hana, ndiyo maana nampa. Akauliza nani. Nikataja majina ya mdogo wangu, yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Akauliza una uhakika, mama? Nikasema tunalala kitanda kimoja.

"Namshusha rubani sasa hivi," kasema. Nikasikia kiti chake kikisukumwa nyuma.

Nilipoweka simu chini Fundi alikuwa amesimama na kikombe, mdomo wazi. Mtaalamu hakugeuka mara moja. Akasema hiyo haikuwa kazi yetu kusema. Nikasema najua, mama. Akauliza: ni nani wako? Mdogo wangu. Kavua miwani, kaifuta kwa pindo la blauzi, hakuivaa.

"Kumbe ndiyo ile elfu yako. Ungeniambia mapema ningekupa foleni yangu yote."

Hilo ndilo lililonitoa machozi. Siyo jingine.

Kisha ya pili ikatoka. Dhaifu. Dhaifu sana! Ya tatu, katikati. Tukashika ya kati, kama siku zote. Na kwa ile ya kati, kwa desturi yetu, tungewaambia waendelee na njia yao na wakae macho. Ndege isingeshushwa.

Nimeisoma hiyo kwa mpangaji kwa sauti ile ile. Kashukuru. Hakuniita mama tena.

Alhamisi, 20 Machi

Imetua. Niliiona kwenye ubao wa mtandaoni: imewasili. Neno moja.

Hajaja nyumbani. Nimepika, nimefunika, nimefunua, nimekula kidogo, nimefunika tena.

Meseji moja tu mchana. Walimngojea mlangoni mwa ndege, daktari wao na mama mmoja wa ofisi. Kapimwa. Kaambiwa akapumzike, watamwita. Halafu: "Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelala kwa mwenzangu."

Nimeanza kujibu mara nyingi. Samahani — nimefuta. Nilikuonya — nimefuta. Umekula? — hiyo ndiyo nimetuma.

Nimemuuliza Mtaalamu uso kwa uso: kadhurika au hakudhurika? Kasema hajui. Setilaiti zinahesabu kinachopita kwao huko nje, si kilichoingia ndani ya ndege ile, juu ya njia ile, kabla haijashuka. Na katika zile mbio tatu hajui ipi ilikuwa karibu na ukweli. Ya kati ni desturi, si ufunuo. Ila sasa vipimo halisi vya dhoruba vimeingia. Anaweza kurusha mbio moja ya nguvu, chembe zote zinazowezekana, akaipitisha kwenye njia ya ndege yenyewe mara mbili: kama ilivyoruka, na kama ambavyo ingeruka bila kushuka. Kafuta foleni yake kwa ajili hiyo. Kasimamisha kazi yake ya miezi. Sikumwomba.

Majibu kesho. Daktari wa kampuni naye anayasubiri.

Kijino kazunguka chumba anamtafuta mama yake mdogo. Kafungua kabati. Katazama chini ya kitanda. "Madogo?" Nikamwambia Mama Mdogo yuko kazini. Uongo wa kwanza namwambia mwanangu, nadhani. Au wa kwanza ninaoujua.

Ijumaa, 21 Machi

Naandikia ofisini. Bibi kaamka mgongo unamuuma, sina wa kumwachia mtoto, nimekuja naye. Fundi kamtengenezea kiota ndani ya boksi la mashine, kamwekea na waya mfu wa kuchezea. Kasema huyu ndiye mfanyakazi pekee humu asiyelalamikia baridi.

Mbio imeanza tangu asubuhi. Mstari unajaa polepole. Hakuna la kufanya ila kuutazama, na nimeshautazama vya kutosha, ndiyo maana naandika.

Nimejaribu kuomba. Sijui niombe nini. Ikitoka kubwa, basi nilifanya sawa kusema, na mtoto wa watu tumboni kapata kisichomhusu — kapata kabla ndege haijashuka, na kapata kwa sababu ya sifuri yangu. Ikitoka ndogo, mtoto salama, na mimi nimemvunjia mdogo wangu riziki kwa kitu ambacho kingepita chenyewe. Nikigeuza huku moto, nikigeuza kule moto.

Nimeacha hapo kidogo. Kaingia.

Mdogo wangu. Hana sare. Kavaa lile gauni langu la zamani la kijani, sijui alilichukua lini. Daktari wao kamtuma aje aisubiri karatasi ya majibu aipeleke mwenyewe. Kamwamkia Mtaalamu shikamoo kwa adabu zote. Kamsalimia Fundi. Mimi kanipita kama meza.

Kijino kamwona. Kapiga ukelele mashine zikanyamaza — hapana, hazikunyamaza, ni mimi. Mdogo wangu kamtoa kwenye boksi, kampakata, kakaa kwenye kiti cha Fundi, kule upande wa pili. Mtoto kamshika uso kwa mikono miwili anamkagua kama yuko mzima.

Mtaalamu kampelekea chai. Kamweleza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba safari moja mara nyingi haileti neno, kwamba asubiri tarakimu, asiogope kabla. Mdogo wangu kaitika ndiyo mama, ndiyo mama. Macho yako kwenye mstari.

Naandika naye ananiona naandika.

Kaniuliza! Neno la kwanza la mdomo kwangu tangu Jumatatu. Bila kunitazama, kidevu chake juu ya kichwa cha Kijino: "Unataka itoke vipi?"

Nikasema ndogo.

"Ikitoka ndogo umenifukuzisha kazi bure."

"Najua."

"Na kampuni nzima itasema dada yake ni kichaa."

"Waseme."

"Na bado unataka ndogo."

"Ndogo kabisa," nikasema. "Iwe ndogo mpaka uwe na haki ya kunichukia mpaka uzeeni. Mimi nitatunza mtoto, wewe nichukie."

Hakucheka. Hakulia. Kanywa chai yangu — ile yake imepoa, kanyoosha mkono kachukua yangu mezani, wala sijui kama ameona ni ya nani. Halafu kasema, kwa Kijino siyo kwangu, kwamba kama angekuwa yeye kwenye ile simu, huenda angesema hakuna lingine. Huenda. Hajui. Na kutojua huko ndiko kunakomkasirisha.

Mstari umepita nusu.

Kasogeza kiti. Sijui kama ni kuja karibu yangu au kumwepusha mtoto na nyaya. Bega lake liko hapa, linanigusa nikiandika, herufi zinapinda.

Mtaalamu kavaa miwani. Fundi anasema chembe zimeanza kufika —